Waakha Hawaamini, Wanabeba

"Imani za tiba" ni maneno yanayoandikwa haraka mno. Yakishaandikwa, mganga anageuka kuwa mtu anayedhania jambo fulani, na msomaji aliyesoma biolojia sekondari anakuwa ameshamshinda kabla ya ukurasa wa pili. Ndiyo maana makala ya Deborah Tooker ya mwaka 1992, katika jarida la Man, bado inastahili kusomwa. Inawahusu Waakha, watu wa milimani wanaoishi kusini mwa Yunnan nchini China, na pia Myanmar, Laos na kaskazini mwa Thailand. Hoja yake imesimama juu ya kitenzi kimoja. Waakha, anasema, hawasemi kwamba wanaamini zang, yaani mila na kanuni zinazoongoza maisha yao, kuanzia kupanda mpunga hadi kuzika. Wanaibeba.

Nadhani Kiswahili kinamwelewa Tooker kuliko Kiingereza alichoandikia. Sisi husema fulani ameshika dini, na tunachotazama ni swala zake, funga yake, mavazi yake. Ya moyoni tunamwachia Mungu. "Kushika zang" ingekuwa tafsiri nzuri, ila inakosa uzito. Kinachobebwa huchosha, na kinaweza kutuliwa. Waakha wengi wameingia Ukristo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni gharama ya wanyama wa kafara na uhaba wa wataalamu wa kuongoza ibada. Mtu ametua mzigo mmoja, akajitwisha mwingine. Hakuna aliyemshinda kwa hoja.

Mpaka hapo namfuata. Tunaachana kwenye ugonjwa.

Kwa Waakha, roho ya mtu inaweza kumtoka ikapotea, naye akaugua. Huitwa irudi, kwa yai au kuku, na uzi hufungwa mkononi ili isiondoke tena. Mambo yakizidi huitwa nyipa, mara nyingi mwanamke, ambaye husafiri hadi upande wa mizimu kuitafuta. Yupo pia pima (jina lisilohusiana na kupima kwetu hospitalini), ambaye kazi yake ni kukariri. Amehifadhi kichwani maneno marefu ya ibada, maana Waakha hawakuwa na maandishi. Wenyewe husimulia kwamba walikuwa nayo, kwenye ngozi ya nyati, wakaila siku ya njaa.

Pima anaingia vizuri kabisa katika hoja ya kubeba. Lakini mama aliyeushika ule uzi, mtoto akiwa amelegea mapajani? Kusema kwamba anatimiza kanuni tu ni kumnyang'anya hofu yake, kama vile kusema "anaamini" kunavyomnyang'anya akili yake. Tooker aliandika kuhusu utambulisho wa jamii, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumpita mama huyo. Sisi tunaomkopa ili tuandike kuhusu tiba hatuna haki hiyo.

Huyo mama hahitaji nadharia kuhusu roho. Anahitaji mtoto alale, na uzi mkononi haumzuii mtu kumeza kidonge. Tunalo neno la anachofanya: kuuguza. Halisemi anaamini nini, wala halitoi ahadi kwamba mgonjwa atapona. Linasema tu kwamba yuko hapo, usiku kucha, na hajaacha kujaribu. Ningependa kusoma makala kuhusu Waakha inayoanza na kitenzi hicho.