Kuiga kwa Johnny Pacheco

Lawama kubwa aliyobebeshwa Johnny Pacheco maisha yake yote, hadi alipofariki Februari 2021, ni kwamba alikuwa mwigaji. Wapo waliolisema jambo hilo kwa upole na wapo waliolisema kwa ukali. César Miguel Rondón wa Venezuela, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu historia ya salsa, analo hata neno la kuuita ugonjwa huo: matancerización. Maana yake ni ile tabia ya bendi za New York za miaka ya sabini kujigeuza, moja baada ya nyingine, kuwa Sonora Matancera, bendi ya Kikuba iliyoundwa mjini Matanzas mwaka 1924 na kupata sifa zake kubwa miaka ya hamsini. Neno hilo lina kejeli ndani yake, na mtu wa kwanza kupigwa na kejeli hiyo ni Pacheco.

Nimelikumbuka kwa sababu santuri ya Celia & Johnny, iliyotolewa mwaka 1974 kwa chapa ya Vaya, tawi la kampuni ya Fania, ilirudishwa sokoni mwaka 2024 ilipotimiza miaka 50. Imekatwa upya kutoka kwenye kanda za awali za studio na kuchapwa kwenye sahani nzito ya gramu 180. Nyimbo ni kumi, zile zile. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu mwenye majirani, na kila mara swali limekuwa moja: kuiga ni kosa la namna gani?

Tuanze na upande wa mashtaka, maana una nguvu. Pacheco hakuwa Mkuba. Alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Santiago de los Caballeros, Jamhuri ya Dominika, akahamia New York angali mtoto. Jina alilipata kwa kupuliza filimbi katika bendi ya mtindo wa charanga, ule wa filimbi na fidla. Mwaka 1964, yeye na mwanasheria Jerry Masucci walianzisha kampuni ya Fania, na santuri ya kwanza kabisa ya kampuni hiyo, Cañonazo, ilikuwa yake. Hapo ndipo alipoziacha fidla akachukua umbo jingine la Kikuba lililokuwa tayari limekamilika: tarumbeta, piano, besi, konga, bongo, na gitaa dogo liitwalo tres, lenye nyuzi zake katika jozi tatu.

Angalia tarehe. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba vilikwisha kukaza tangu mwaka 1962. Wanamuziki wa Havana hawakuwa wakija tena New York, na santuri zao mpya hazikuwa zikifika. Pengo lilikuwepo, na Pacheco akaliziba kwa nakala. Tena si umbo tu lililonakiliwa. Katika santuri nyingi za New York za enzi ile, wimbo wa mtunzi wa Kikuba uliandikiwa herufi mbili tu, D.R., kana kwamba umeokotwa barabarani, na mtunzi aliyebaki kule kisiwani hakupata hata senti. Huo ni wizi. Siasa za nchi mbili zinaeleza jinsi ulivyowezekana, ila haziufanyi kuwa kitu kingine. Mtu akinambia kwamba uzuri wa muziki unafuta deni hilo, mimi siye wa kukubaliana naye.

Lakini deni la fedha ni suala moja na umbo la muziki ni suala jingine, na wakosoaji wa Pacheco wamekuwa wepesi wa kuyafunga katika mzigo mmoja. Kumlipa mtunzi haki yake hakungeufanya muziki uwe mpya zaidi. Na kama kosa ni kutokuwa mpya, basi inabidi tuseme muziki ulikuwa na haja gani ya upya mwaka 1974, na haja hiyo ilikuwa ya nani.

Kwa Celia Cruz haikuwa haja yake. Mwaka huo alikuwa na miaka 48. Alizaliwa Havana mwaka 1925, akaanza kuimba na Sonora Matancera yenyewe mwaka 1950, na mwaka 1960 akaondoka nayo kwenda kupiga Mexico. Hakurudi tena. Mama yake alipofariki mwaka 1962, serikali ya Cuba haikumruhusu kwenda kuzika, na kwa miongo mingi sauti yake haikupigwa katika redio za nchi yake. New York nako hakupokewa kwa shangwe. Katika miaka ya sitini alirekodi santuri kadhaa na orkestra ya Tito Puente, na si santuri mbaya hata kidogo, ila hazikununuliwa. Vijana wa mitaa ya Wapuerto Rico walikuwa wakicheza boogaloo. Mwimbaji wa Havana aliyevaa gauni refu alikuwa, kwao, mwimbaji wa mama zao.

Nimezisikiliza zile za Puente sambamba na hii, na tofauti inaonekana pasipo kutafutwa. Orkestra ya Puente ni kubwa na ina fahari. Vyombo vya kupuliza vinasimama nyuma ya mwimbaji kama ukuta, naye analazimika kuimba juu ya ukuta. Pacheco alimpa kundi dogo. Papo Lucca, mpiga piano aliyetoka Puerto Rico, anaweka noti chache mahali panapostahili. Tres ya Charlie Rodríguez inazunguka katikati bila kuchoka. Tarumbeta zinaingia, zinasema neno lao na kutoka. Kinachobaki ni nafasi, na sauti ya Celia, nzito, iliyo karibu na sauti ya kiume katika noti za chini, inakaa ndani ya nafasi hiyo kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Kanda niliyokuwa nayo zamani ilinakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka nyingine tena, na humo besi ilikuwa uvumi tu. Katika toleo hili besi inasikika kila inapopiga hatua, na ndipo unapotambua kwamba ndiyo inayowachezesha watu, si ngoma.

Msikilizaji asiyejua chochote aanze na wimbo wa kwanza, Quimbara. Uliandikwa na Junior Cepeda, kijana wa Puerto Rico aliyeuawa angali mdogo sana. Jina la wimbo ni silabi zinazoiga mlio wa ngoma. Hutaziona katika kamusi ya Kihispania. Celia anazirusha, waitikiaji wanazirudisha, na baada ya muda mfupi hujui tena nani anaiga nani, mdomo unaiga ngozi au ngozi inaiga mdomo. Huu si wimbo wa zamani. Mtunzi wake alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa mwimbaji. Umbo la zamani limepewa maneno ya kijana wa kisiwa kingine, na mama wa miaka 48 akayaimba kwa kasi ambayo vijana wenyewe walihangaika kuifuata. Ikiwa hii ni nakala, basi ni nakala ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Vivyo hivyo Toro Mata, wimbo wa pili. Huo si wa Cuba. Ni wa Waperu wenye asili ya Afrika, na unahusishwa na mwanamuziki wao Caitro Soto. Pacheco ameuvisha nguo za Kikuba, na hapo naona mkono wa fundi kuliko mkono wa mwigaji. Vieja Luna ni bolero, wimbo wa taratibu wa mapenzi. Tengo el Iddé unatokana na dini ya Wayoruba iliyovuka bahari pamoja na watumwa, na iddé ni bangili ya shanga wanayovaa waumini wake.

Kisha upo Canto a la Habana, nao ndio kiini cha santuri kwa maoni yangu. Ni wimbo wa kuisifu Havana. Mtu aliyefukuziwa mbali na mji wake, ambaye hakumzika mama yake, anapewa wimbo wa kuusifu mji huo. Wewe na mimi tungetarajia kilio. Hakuna kilio. Mwendo ni wa dansi, wa kujipatia raha, na Celia anaimba kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda nyumbani kwake akijua kwamba utafika. Sasa fikiria wimbo huo ungepewa mpangilio mpya, wa kisasa, wenye majaribio ya jazi ambayo Eddie Palmieri alikuwa akiyafanya kwa ustadi mkubwa miaka hiyo hiyo. Ungekuwa wimbo wa New York kuhusu Havana. Jinsi ulivyo ni Havana, au walau chumba kimoja cha Havana, ambacho samani zake zimepangwa kama zilivyokuwa siku alipofunga mlango. Pacheco aliiga kwa sababu mwimbaji wake hakuwa na mahali pengine pa kurudi. Mwaka 1990 Celia alikwenda kuimba katika kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Guantánamo, akachukua udongo kidogo wa Cuba, na mwaka 2003 akazikwa nao. Ukishajua hivyo, neno matancerización linapungua ukali.

Mwaka ule ule wa 1974, mwezi Septemba, Celia na Pacheco walipanda jukwaa la Stade du 20 Mai mjini Kinshasa pamoja na Fania All Stars, katika tamasha la siku tatu lililofungamanishwa na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho, tamasha halikungoja. Filamu zipo, na humo Celia anaimba Quimbara mbele ya umati ambao haukuhitaji kutafsiriwa. Ungehitaji vipi? Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikizileta Afrika sahani za Kikuba katika mfululizo wa GV, na wanamuziki wa Kongo walikuwa wamezinyonya hadi mfupa. Waliimba mwanzoni kwa Kihispania cha kubahatisha, baadaye kwa Kilingala. Siku zile tatu, Franco na Tabu Ley walipiga kwenye jukwaa hilo hilo, na muziki wao haukumdai mtu yeyote cheti cha kuzaliwa.

Sisi wa upande huu nasi hatuna la kuficha. Bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro iliitwa Cuban Marimba, jina lililobandikwa mlangoni mchana kweupe. Alianza kwa kupenda sahani za Kikuba, akaishia kuwa yeye, na alipofariki mwaka 1965 hakuna aliyesema Cuba imepoteza mwigaji. Natofautisha basi: yupo anayeiga kwa kuwa hana la kusema, na yupo anayeiga kwa kuwa analo la kusema na anatafuta mdomo. Kwa nje wawili hao hufanana, na mkosoaji akikosa kuwatenganisha hujikuta anawahukumu wote kwa kipimo cha yule wa kwanza.

Nisije nikaonekana wakili wa kukodiwa. Santuri hii ina sehemu zilizolala. El Paso del Mulo na No Mercedes ni kazi safi za ufundi, zimepigwa vizuri na kusahaulika vizuri. Bendi inacheza hapo kama inayomalizia zamu. Lo Tuyo Es Mental una dhihaka tamu lakini unakaa muda mrefu kuliko dhihaka yake. Tena mafanikio yalileta madhara yake. Ilipouzwa, ilizaa Tremendo Caché mwaka 1975 na nyingine baada ya hapo, na kampuni ikajifunza kwamba mambo ya kale yanalipa. Bendi nyingine zikafuata, zisizokuwa na Celia wala sababu ya Celia. Kuhusu hao Rondón alikuwa na haki yote.

Wimbo wa mwisho ni El Pregón del Pescador. Pregón ni ule mwito wa mchuuzi wa mtaani uliofanywa kuwa wimbo, na hapa mchuuzi ni mvuvi. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sauti hiyo, ile inayotangulia kapu kabla kapu halijaonekana. Celia anaitoa kwa kuivuta mwishoni, jinsi wachuuzi wanavyovuta ili neno lipenye madirishani, na tarumbeta zinaitikia kama wanunuzi wanaotoka nje mmoja mmoja. Bei haitajwi. Samaki ni wa bahari ambayo mwimbaji alikuwa hajaiona kwa miaka kumi na minne, na anawanadi kama waliovuliwa alfajiri ile.