Kabla ya Kuongeza Umeme

Gari la abiria linalotoka Tingi kwenda Kipatimu limeshikwa na maelfu ya nukta za kuchomelea ambazo hakuna abiria anayeziona. Kiwandani, kingo za mabati mawili hubanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkali ukapita kwa muda mfupi, chuma kikayeyuka pale mabati yanapogusana, kisha kikaganda kingali kimebanwa. Kwa mabati mawili ya chuma laini yenye unene wa milimita moja kila moja, mkondo hufika ampea 8,000 hadi 10,000, nguvu ya kubana ni kama uzito wa kilo 200 hadi 250, na muda ni takribani moja ya tano ya sekunde.

Nukta zikianza kubanduka, mkono wa fundi hukimbilia kitufe cha umeme. Nadhani mara nyingi hapo ndipo kazi inapoharibika zaidi. Joto hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukipungua kwa asilimia 10, joto hushuka kwa asilimia 19, ukipanda, nalo hupanda kwa kanuni hiyohiyo. Mabati yasipobanwa vya kutosha, chuma kilichoyeyuka huruka nje kikawa cheche. Wapo wanaozifurahia cheche hizo kama dalili ya nukta kuiva, kumbe ni chuma kilekile kilichotakiwa kubaki ndani ya kiungo. Kubana mno nako kuna gharama yake: mguso huwa mzuri, ukinzani hupungua na joto la kuyeyusha halitoshi. Kwa hiyo mkondo na nguvu ya kubana hupandishwa pamoja. Halafu tazama ncha yenyewe. Ikichakaa kutoka upana wa milimita 5 hadi 6, eneo lake huongezeka kwa asilimia 44, umeme ukatawanyika, ingawa namba kwenye mashine ni ileile ya asubuhi. Bati lenye zinki huiharibu upesi zaidi, kwa sababu zinki huyeyuka mapema na kuchanganyika na shaba. Dawa hapo ni kuichonga ncha.

Itasemwa kwamba gereji nyingi za pwani hii ya Kilwa hazina mashine ya nukta. Ni kweli, na kijiti cha kawaida cha kuchomelea hutoboa bati la milimita 0.8 kirahisi. Lakini fundi anayetoboa bati la juu na kulijaza tundu kwa mashine ya gesi anakabiliwa na swali lilelile: je, joto limefika bati la chini, au limejaza uso tu? Akizidisha, zinki ya pembeni huungua, na hewa ya chumvi ya Kilwa huanzia kula hapo, katikati ya mikunjo ambako rangi haifiki.

Jibu halipatikani kwa kutazama. Achomelee vipande viwili vya bati lilelile, avibanue kwa patasi. Kiungo kizuri hung'oa kipande cha bati la pili na kuacha tundu. Kibovu huachia palepale mabati yalipogusana, uso ukibaki mtupu.