Maji ya Hola

Anayetoka Garsen na kuufuata mto Tana kwenda juu, upande wa Garissa, hufika Hola. Hapa palikuwa na kambi ya kizuizini. Machi 3, 1959, mahabusu waliokataa kazi ya kulazimishwa walipelekwa kuchimba mifereji ya mradi wa kumwagilia mashamba, na askari magereza wakawapiga hadi watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Tangazo hilo nalo lilikuwa hadithi. Lilikuwa na wahusika na mkasa, ila mkono uliopiga ulikuwa umefutwa. Uchunguzi wa vifo hivyo ulithibitisha kwamba waliuawa kwa kipigo, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Mji wenyewe ukapewa kwa muda jina la Galole, kana kwamba Hola haikuwahi kuwapo.

Miaka minane baadaye, 1967, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya yake A Grain of Wheat. Ndani yake mna kambi iitwayo Rira, ambako mahabusu 11 wanauawa kwa kupigwa. Msomaji wa Tana River haambiwi Rira ni wapi, wala hahitaji kuambiwa.

Ufundi wa Ngũgĩ unaonekana kwanza katika mtu aliyemchagua. Mwandishi mwepesi angemtafuta shujaa wa Rira, amvike sifa, amalize. Ngũgĩ alimchukua Mugo, yatima mpweke wa kijiji cha Thabai, aliyeyapita mateso ya kambi bila kufungua kinywa. Wanakijiji wanamtukuza. Wanamtaka ahutubie sherehe za Uhuru, Desemba 1963, amkumbuke Kihika, mpigania uhuru aliyenyongwa. Wasichojua ni kwamba Mugo mwenyewe ndiye aliyemsaliti Kihika kwa wazungu.

Siri hiyo mwandishi haitoi upesi. Anakiachia kijiji kisimulie kwa sauti ya "sisi", uvumi juu ya uvumi, hata msomaji naye anaanza kumheshimu Mugo. Kwa hiyo ukweli unapotoka, msomaji anaaibika pamoja na Thabai. Na unatoka namna gani! Siku ya sherehe macho ya watu yanamtafuta msaliti mwingine, Karanja. Mugo angeweza kukaa kimya akafa na heshima zake. Anasimama mbele ya umati na kusema ni yeye. Katika fasihi ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata ushujaa uliochorwa kwa uaminifu zaidi ya huu, kwa kuwa hauoshi kosa hata kidogo.

Hata John Thompson, ofisa mzungu wa Rira, hakufanywa zimwi. Ana ndoto ya kuunganisha watu wa rangi zote chini ya Dola ya Uingereza, anakusudia hata kuiandikia kitabu, na ndoto hiyo hiyo inamfikisha kwenye viboko. Ubaguzi wenye maneno mazuri ndio uliokuwa mgumu kuutambua, na Ngũgĩ aliutambua.

Historia yenyewe inampa haki. Bungeni London, Barbara Castle wa chama cha Labour aliishikilia kesi ya Hola. Katika kikao cha Julai 27, 1959, kilichokesha, Enoch Powell aliishutumu serikali ya chama chake mwenyewe, akikataa Uingereza iwe na kipimo kimoja cha haki Afrika na kingine kwao. Ni Powell huyo huyo aliyetoa hotuba ya mwaka 1968 dhidi ya wahamiaji. Mugo, shujaa na msaliti ndani ya mtu mmoja, angemwelewa.

Pengo lipo, na msomaji wa Garsen ana haki ya kulitaja. Rira ni mahali pa mbali tu. Wapokomo na mashamba yao ya kingo za mto, Waorma na ng'ombe wao, hawamo. Nao wana habari zao nzito: Agosti 22, 2012, kijijini Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, katika ugomvi wao wa malisho na maji, na visasi vikafuata. Tume ya uchunguzi ilikaa. Mwandishi wa Delta ya Tana atakayeishika habari hiyo atahitaji kijiji kinachosema "sisi", na katikati yake mtu aliyejua shambulio linakuja akanyamaza, ambaye majirani wamekwisha kumfanya mzee wa amani.