Riba Ilipowekewa Kikomo: Hesabu Iliyomtoa Mkopaji Mdogo

Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyopelekwa bungeni na Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini. Kuanzia katikati ya Septemba, benki ya Kenya haikuruhusiwa kutoza riba iliyozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu: walikuwa wamechoka kulipa asilimia 18 na zaidi. Miaka mitatu iliyofuata ilionyesha waziwazi jinsi benki inavyoamua nani apewe mkopo na nani arudishwe mikono mitupu.

Afisa wa mikopo hujiuliza mambo matatu. Kuna uwezekano gani kwamba huyu atashindwa kulipa? Siku atakaposhindwa, atakuwa bado anadaiwa kiasi gani? Na tukiuza dhamana yake, ni sehemu gani ya deni hilo itakuwa imepotea kabisa? Ukizidisha majibu hayo, unapata hasara ambayo benki inaitarajia kabla hata ya kutoa fedha. Hasara hiyo huingizwa katika riba. Anayelipa vizuri humlipia asiyelipa.

Sasa tufanye hesabu ya Septemba 2016. Kiwango cha Benki Kuu kilishushwa hadi asilimia 10, kwa hiyo kikomo cha riba kikawa 14. Sheria hiyohiyo iliagiza akiba zenye riba zilipwe angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu, yaani 7. Tuseme mishahara, matawi na safari za maafisa vinakula 4. Zimebaki 3. Benki imekopesha wafanyabiashara 100, kila mmoja shilingi 100,000. Wakishindwa 5, na nusu ya madeni yao ikaokolewa kwa kuuza dhamana, hasara ni asilimia 2.5, na benki inapona kwa tabu. Lakini wakiwa ni wauza mboga na mafundi wa jua kali wasio na hati ya shamba wala logibuku ya gari, wakashindwa 10 na kisiokolewe chochote, hasara ni asilimia 10. Ili isile mtaji wake, benki ingehitaji riba ya 21 au zaidi. Sheria inasema 14. Kwa hiyo fomu inarudishwa.

Na 4 ile ya gharama ni wastani tu. Kumtembelea mwenye kibanda katika soko la Gikomba, kukagua stoki yake na kupitia taarifa zake za M-Pesa humchukua afisa muda uleule, awe anaomba 50,000 au 5,000,000. Kwa mkopo mdogo, gharama hiyo peke yake inaweza kumaliza riba yote iliyoruhusiwa. Watetezi wa kikomo hawakulitazama jambo hili vya kutosha.

Upande wa pili alikuwepo mkopaji asiyehitaji kutembelewa: Serikali. Hatifungani zake za muda mrefu zilikuwa zikilipa asilimia 12 au 13. Kwa nini benki imfuate fundi kwa 14? Kufikia mwaka 2017, mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa chini ya asilimia 3 kwa mwaka. Haki itendeke hapa: ukuaji huo ulikuwa umeanza kupungua kabla ya sheria, hasa baada ya Imperial Bank kuanguka Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Kikomo kiliikuta hali mbaya, kikaizidisha kwa wadogo.

Wengi wao waliishia kwenye simu. M-Shwari, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilitoa mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Kwa kuwa iliitwa ada, kikomo hakikuigusa, ingawa ukiirudia mwezi kwa mwezi inakaribia asilimia 90 kwa mwaka. Alama za mkopaji zilitokana na matumizi yake ya simu na M-Pesa, bila afisa kumwona. Kipimo hicho ni cha haraka na kiliwafikia watu ambao benki hazikuwahi kuwafikia. Lakini sheria iliyokusudiwa kumwokoa mnyonge na asilimia 20 ilimwacha mikononi mwa 90, na hilo siwezi kuliita mafanikio.

Kikomo kiliondolewa Novemba 2019. Benki zikatakiwa kupeleka kwa Benki Kuu fomula zao za kupanga riba kulingana na hatari ya kila mkopaji, na mwaka 2025 Benki Kuu ikaagiza riba ianzie kwenye kiwango kimoja cha pamoja, KESONIA, kisha iongezwe nyongeza ya mkopaji. Naiona njia hii kuwa bora kuliko kikomo, mradi nyongeza hiyo isibaki siri ya benki.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kukopa chukua ripoti yako ya CRB, taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ikague, na kosa ukiliona lipinge. Kisha mwombe afisa wa mikopo akuandikie nyongeza yako ni asilimia ngapi na ni taarifa gani imeipandisha. Akikataa kukujibu, peleka maombi yako benki nyingine.