Uhuru wa Watumwa: Kitabu Kilichonitoa Mafichoni

Ukipanda matatu kwenda Kisauni, makanga hulia, "Kengeleni! Kengeleni!" nasi hatuulizi ni kengele gani. Mimi nilijua. Nilinyamaza tu.

Shuleni nilipoulizwa, "We kabila gani?" nilijibu, "Mgiriama." Uongo mtupu. Nyanya ni wa Frere Town, na wazee wake waliletwa pale kwa jahazi, mateka waliokombolewa. Kwetu Kenya asiye na kabila huonekana kama hana kwao, basi nikajibandika la wenyewe.

Ndipo nikakisoma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Ni kitabu chembamba, usiku mmoja unakimaliza. Kinaeleza watu walivyotekwa bara, wakaswagwa hadi pwani, kisha wakaokolewa na manowari ya Waingereza. Baba wa mwandishi alikuwa mmoja wa mateka hao. Hebu fikiri, ndugu msomaji: utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907. Miaka 27 tu baadaye, wakati neno "mtumwa" bado ni tusi la kumvunjia mtu posa, Mbotela anachapisha habari za baba yake. Huo ni ujasiri, bwana.

Lakini sifa zina mpaka. Kila Mwingereza anapotokea, kalamu ya Mbotela hupiga magoti. Shukrani zimekuwa nyingi mno, hata mateka wenyewe wanakosa nafasi ya kusema. Tunajua nani aliwaokoa. Hatujui vya kutosha walimwita nani usiku walipolia. Kitabu kinatuonyesha kundi, mimi nilikuwa natafuta mtu.

Nilimsomea nyanya kurasa mbili. Akasikiliza, akanyamaza, halafu akasema, "Bibi yangu hakuitwa Maria." Akanitajia jina la Kiyao alilokuwa nalo bibi huyo kabla ya kubatizwa. Miaka yote hakulitaja, eti tusije tukachekwa.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya kitabu hiki. Hakikusema yote, ila kilimfungua mdomo aliyekuwa amenyamaza. Kwa hiyo wewe unayeandika hadithi za matajiri wa Nairobi hali unalala chumba kimoja na ndugu watano, anza na chumba hicho. Usiombe radhi, usimshukuru mtu.

Nikiulizwa kabila siku hizi, nasema, "Mimi wa Kengeleni. Kaa nikuhadithie."