Ububu wa Filamu ya Simba

Kwa mtu wa Kibirichia, Kaskazini si nchi ya ngano. Kutoka katika mashamba ya viazi ardhi yateremka kuelekea Isiolo, na njia hiyo ni ya watu wanaojuana. Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliotengeneza filamu bubu ya Simba (1928), nao walipita Meru walipokwenda kupiga kambi Marsabit mwaka 1924. Lakini katika filamu yao Kaskazini imegeuzwa kuwa ukingo wa dunia.

Filamu hii imezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za kweli. Yafaa isomwe kama tamthilia. Picha za Marsabit zimeunganishwa na za Tanganyika, mbali sana kusini, zikawa kisa kimoja: simba anatisha, wawindaji wa mikuki wanamkabili, Osa anafyatua bunduki, kisha anaoka pai ya matufaha. Hila hiyo haikuwa ngeni. Katika Nanook of the North (1922), Robert Flaherty aliwafanya Wainuiti wa Kanada wawinde kwa chusa ilhali walikwisha kuzoea bunduki; hata Nanook mwenyewe jina lake lilikuwa Allakariallak.

Suala la majina ndilo zito zaidi. Katika kasoko ya Marsabit limo ziwa liitwalo kwa Kiborana Sokorte Guda. Guda ni “kubwa”, kwa kuwa liko jingine dogo, Sokorte Dika. Akina Johnson walilitangaza duniani kwa jina la Paradise, jina ambalo halimwambii msafiri lolote kuhusu mahali alipo.

Tena ububu wenyewe haukugawanywa sawa. Midomo ya wapagazi yaonekana ikitikisika, na maneno yao, ambayo bila shaka mengi yalikuwa ya Kiswahili, lugha ya misafara, hayamfikii mtazamaji. Kadi za maandishi ya Kiingereza ndizo zisemazo, na mara kwa mara zawafanyia mzaha watu hao hao. Neno la Kiswahili lililopewa heshima ya anwani ni jina la mnyama.

Upigaji picha ni hodari, hilo halina ubishi. Na kwa kuwa picha ni safi, mtaalamu wa kusoma midomo ajuaye Kiswahili pengine angeokota humo sentensi mbili tatu, amri au lalamiko, ambazo kadi hazikuzitafsiri.