Kipimo cha Kueleweka katika Sheria za Ufikikaji

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha Agizo Na. 2019/882, ambalo tangu tarehe 28 Juni 2025 linawalazimu watengenezaji na watoa huduma kuhakikisha kwamba kompyuta, simu, mashine za kutolea fedha, huduma za benki na vitabu vya kielektroniki vinaweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Katika upande wa ufundi hutegemewa kiwango cha Ulaya EN 301 549, ambacho kimeyachukua masharti ya daraja la A na la AA ya mwongozo wa kurasa za wavuti uitwao WCAG 2.1, uliotolewa mwaka 2018. Mwaka 2022 Kenya nayo ilipata kiwango chake, KS 2952, juu ya bidhaa na huduma za namna hiyo hiyo. Basi jambo hili limekwisha kufika katika nchi za Kiswahili, na yafaa lipimwe kwa jicho la lugha.

Hata jina lake lataka kuangaliwa. Katika Kiswahili cha simu na kompyuta neno lililozoeleka ni "ufikivu". Lakini maneno ya namna hii yenye kiishio -vu mara nyingi humtaja mtendaji: msikivu ni mtu asikiaye vema, si maneno yanayosikika, mvumilivu ni yule avumiliaye. Kwa mfano huo ufikivu ungekuwa sifa ya mtu awezaye kufika, hali sheria zimekusudia kinyume chake, yaani wajibu umewekwa juu ya chombo, si juu ya mtu. "Ufikikaji", litokanalo na kufikika, laeleza kusudi hilo vizuri zaidi.

Mwongozo wa WCAG wastahili sifa kwa mpango wake. Umesimama juu ya nguzo 4: yaliyomo yatambulike kwa hisi, yaweze kuendeshwa, yaeleweke, na yawe imara katika vyombo mbalimbali. Mengi katika hayo yamepewa vipimo visivyo na utata. Mathalan, katika daraja la AA maandishi ya kawaida na usuli wake sharti yapishane kwa mwangaza angalau 4.5 kwa 1. Mkaguzi hupima, akajua.

Walakini nguzo ya tatu, yaani kueleweka, haikupata nguvu sawa. Chini ya kanuni ya usomekaji yamo masharti 6. Sharti la kwanza, la daraja la A, lataka ukurasa utaje lugha yake kwa alama ambayo kompyuta huitambua. La pili, la daraja la AA, lataka vivyo hivyo kwa vifungu vya lugha nyingine. Faida yake si haba. Ukurasa wa Kiswahili usiotiwa alama "sw" huweza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza, na maneno kama "wake" na "pole", yenye silabi mbili mbili, yakatamkwa kwa silabi moja moja. Lakini masharti 4 yaliyobaki, yahusuyo maneno yasiyo ya kawaida, vifupisho, kiwango cha usomaji na matamshi, yote yamewekwa daraja la AAA, ambalo EN 301 549 haikulilazimisha. Kwa hiyo lugha imetakiwa itajwe jina lake, haikutakiwa ieleweke.

Agizo la Ulaya limejaribu kuliziba pengo hili kwa upande mmja tu: maelezo ya huduma za benki yasizidi ugumu wa daraja la B2 la mfumo wa Baraza la Ulaya wa kupima ujuzi wa lugha. Nia ni njema, ila mfumo huo ulibuniwa kupima wanafunzi wa lugha, si maandiko.

Kulihamisha sharti kama hilo katika Kiswahili si kazi ya kufasiri tarakimu. Vipimo vingi vya usomekaji vilivyozoeleka, kama kile cha Rudolf Flesch cha mwaka 1948, huhesabu silabi za maneno na urefu wa sentensi za Kiingereza. Kwa hesabu hiyo "nitakapowaandikia", neno moja lenye silabi 9, ni gumu mno, ingawa mtoto yeyote aliyelelewa katika Kiswahili hulielewa. "Dhamana" lina silabi 3 tu, lakini polisini ni jambo la kumtoa mtu mahabusu, na benki ni mali iwezayo kuchukuliwa deni lisipolipwa. Ugumu wa neno hili haumo katika urefu wake.

Kipimo cha WCAG chenyewe, ambacho ni usomaji wa mtu aliyefikia takribani miaka 9 ya shule, nacho chapata tabu. Nchini Tanzania shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na sekondari kwa Kiingereza. Miaka ya mwisho ya kipimo hicho yaangukia mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kufundishia tena.

Yaweza kujibiwa kwamba WCAG yenyewe haishauri daraja la AAA litakwe kwa tovuti nzima, kwa kuwa yapo maandiko yasiyoweza kurahisishwa. Hoja hiyo ni ya haki kwa shairi au kwa kitabu cha tiba. Haitoshi kwa masharti ya mkopo. Mteja asiyeona akisomewa masharti hayo kwa sauti safi, akabonyeza kitufe cha kukubali bila kufahamu kwamba dhamana iliyotajwa ni nyumba yake, mkaguzi atasema chombo kimefikika; lakini mteja amedhulumika.

Kazi iliyobaki, basi, si ya mafundi peke yao. Yahitajiwa orodha ya maneno ya benki, afya na serikali yaliyojaribiwa kwa wasikilizaji, wala si kwa wasomaji tu. Na kipimo cha ugumu kinachojali viambishi na maana za Kiswahili. Hayo yasipofanywa na wataalamu wa lugha, viwango vitaendelea kuazimwa pamoja na hesabu zake za Kiingereza.